Kumvisha viatu farasi mwenye visigino vilivyobanana

Inua mguu wa mbele wa farasi aliyestaafu mbio, isafishe kwato kwa kulabu, kisha itazame kwa nyuma. Mara nyingi utakuta mashavu mawili ya kisigino yamesogeleana mpaka yanagusana. Mahali palipostahili kuwa na bonde pana na la kina kifupi pana ufa mwembamba unaopanda kuelekea kwenye nywele. Farasi wa namna hii ni wengi katika shule za kupanda farasi za Nairobi na katika mashamba ya Gilgil na Nanyuki, kwa sababu wengi wao walianzia kwenye mbio za Ngong au kwenye polo, wakavalishwa viatu vyembamba tangu wakiwa na umri mdogo, kwato zao zikiwa bado hazijamaliza kukua.

Mwongozo huu ni wa fundi anayempunguza kwato na kumvisha viatu farasi huyo, na pia wa saisi anayekaa naye kila siku. Fundi huja mara moja kwa wiki 5 akaondoka. Saisi akiachwa nje ya mpango, kazi ya fundi huharibika kabla hajarudi.

Nitangulize msimamo wangu, maana hatua zote zinautegemea: hakuna kiatu kinachofungua kisigino. Kisigino hufunguka chenyewe kikibeba uzito, kikitembezwa na kikipewa nafasi. Kiatu kizuri ni kile kisichokizuia. Kwa hiyo karibu kila jambo nitakaloeleza hapa ni namna ya kuondoa kizuizi.

Kinachofanyika ndani ya kwato

Nitatumia majina machache. Ukuta ni ile sehemu ngumu inayoonekana farasi akiwa amesimama. Wayo ni upande wa chini. Pembetatu ni ile sehemu laini, yenye kunepa, iliyo katikati ya wayo, ncha yake ikitazama mbele na upana wake ukiwa nyuma. Kingo ni mahali ambapo ukuta, ukifika kisiginoni, unageuka kuingia ndani pande zote mbili za pembetatu. Mashavu ya kisigino ni yale manundu mawili laini ya nyuma.

Mfupa wa kwato haujazi kwato nzima. Unakaa zaidi upande wa mbele, na nusu ya nyuma imejengwa kwa vitu vinavyonepa: mto wa ndani ulio juu ya pembetatu, na magegedu mawili, moja kila upande. Farasi akikanyaga, nusu hiyo ya nyuma hutanuka kidogo, kisha hurudi anapoinua mguu. Kutanuka huko hupunguza mshtuko, husaidia damu kuzunguka, na huufanya mto wa ndani uendelee kuwa mnene. Kisigino kisipobeba uzito kwa miezi mingi, mto hudhoofika, pembetatu hukonda, na kuta za nyuma zikikosa kitu cha kuzisukuma nje huanza kuinamia ndani.

Kama unataka kuuona mwendo huu kwa macho, chukua kiatu cha zamani kilichotoka kwa farasi mzima na utazame upande uliogusa kwato. Kwenye ncha mbili za nyuma utakuta chuma kimelika na kung'aa, wakati mwingine kimechimbika mfereji kabisa. Ni kisigino kilichokuwa kikisugua kwenda na kurudi kila hatua. Kiatu cha farasi mwenye visigino vilivyobanana kwa muda mrefu mara nyingi huwa hakina alama hiyo. Mimi huwaomba masaisi wasitupe viatu vya zamani mpaka niviangalie.

Jambo hili si jipya. Katika karne ya 18 huko Ufaransa, Lafosse, tabibu wa farasi, alipendekeza kiatu kifupi, chembamba upande wa nyuma, ili pembetatu iguse ardhi. Mwaka 1809 Bracy Clark, daktari wa mifugo wa Uingereza, alichapisha majaribio yake juu ya kwato za farasi walio hai, akionyesha jinsi chuma kilichopigiliwa kinavyoibana kwato polepole. Baadaye akatengeneza kiatu chenye bawaba upande wa mbele ili mikono yake miwili iweze kufunguka. Bawaba haikuenea, lakini alichokiona kuhusu misumari kingali kweli hadi leo, na nitakirudia kwenye hatua ya misumari.

Hatua ya 1: Pima kabla hujashika tupa

Jicho hudanganya, hasa ukimwona farasi huyohuyo kila mwezi. Piga picha ya wayo kwa kuielekeza kamera sawasawa juu yake, picha nyingine kutoka nyuma, na nyingine kutoka ubavuni. Kisha pima kwa rula au kwa futikamba.

Kwato ya mbele iliyo nzuri inakaribia mviringo: upana wake hautofautiani sana na urefu wake. Ya nyuma huwa nyembamba kidogo na yenye ncha, kwa hiyo usiipime kwa kipimo cha ya mbele. Pima pembetatu: upana wake kwa nyuma uwe angalau nusu ya urefu wake, na katika kwato nzuri hukaribia theluthi mbili. Mwisho pima umbali kati ya kisigino na kisigino, na uandike. Namba hii ya mwisho ndiyo utakayoifuatilia kwa mwaka mzima.

Linganisha mguu wa kushoto na wa kulia. Kama kwato zote mbili za mbele ni nyembamba kwa kiasi kilekile, bonde la pembetatu ni pana na kavu, na farasi hatembei kwa shida yoyote, huenda hilo ndilo umbile lake. Mwache. Kama kwato moja tu ndiyo imebanana, jua farasi amekuwa akiuhurumia mguu huo kwa muda mrefu, na kazi yako inaanza kwa kutafuta kwa nini.

Neno kwa wenye punda, maana wapo watakaosoma haya Lamu na kwingineko pwani: kwato ya punda kwa asili ni nyembamba, imesimama wima zaidi ya ya farasi, na pembetatu yake imekaa nyuma zaidi. Usichukue vipimo vya hapo juu ukamhukumu navyo punda mzima.

Hatua ya 2: Tafuta maumivu

Hapa ndipo mafundi wengi wanaporuka, na ndipo matibabu mengi yanaposhindikana. Kisigino kilichobanana mara nyingi ni matokeo. Farasi anayeumwa nyuma ya kwato hukwepa kuikanyagia sehemu hiyo, anatua kwa ncha, na kisigino kisichotumika kinasinyaa. Ukimtengenezea kiatu kizuri kuliko vyote huku maumivu yapo palepale, ataendelea kutua kwa ncha juu ya kiatu hicho kizuri.

Mwambie saisi amtembeze farasi kwa hatua za kawaida kwenye ardhi ngumu iliyo tambarare, nawe uchuchumae kando. Simu yenye kupiga video ya mwendo wa polepole inasaidia sana. Tazama ni sehemu gani inayogusa ardhi kwanza. Kinachotakiwa ni kisigino kitangulie kidogo, au kwato nzima itue kwa pamoja. Ncha ikitangulia, una farasi anayejilinda.

Kisha chukua koleo ya kupimia kwato, ubane taratibu kuanzia ncha ukizunguka mpaka kisigino, ukimaliza kwa kubana katikati ya pembetatu. Ubane kwa nguvu ileile kila mahali na utazame bega na masikio yake, si kwato pekee. Anayeshtuka ukibana theluthi ya nyuma ya pembetatu anaweza kuwa na tatizo kwenye mfupa wa navikula, ule mdogo ulio ndani nyuma ya kwato, au kwenye kano inayopita nyuma yake. Huyo anahitaji daktari wa mifugo, sindano za ganzi za kupima chanzo cha kuchechemea, na eksirei. Usione haya kusema, "Mama, farasi huyu tumwite daktari kwanza." Mwenye farasi atakasirika siku moja kwa gharama hiyo, lakini hatakasirika mwaka mzima.

Kuna kwato moja unayopaswa kuitambua mapema: iliyosimama wima kuliko mwenzake, yenye kisigino kirefu, na ukuta wa mbele uliobonyea katikati. Hiyo imevutwa na kano fupi. Imebanana kweli, lakini ukiteremsha kisigino chake kwa ghafla unaiongezea kano mzigo. Ifanyie kazi ukiwa na daktari na picha za eksirei.

Hatua ya 3: Ponya ufa wa katikati

Weka kidole gumba kwenye bonde la nyuma ya pembetatu. Katika kwato yenye afya kidole kinatulia hapo bila kuzama. Kama badala ya bonde kuna ufa, chukua kijiti chenye pamba na ukiingize taratibu. Kikizama, kikatoka cheusi chenye harufu mbaya, na farasi akavuta mguu, umepata angalau sehemu moja ya maumivu uliyokuwa ukiyatafuta. Uozo huu huletwa na vijidudu vinavyopenda mahali pasipo na hewa, na kisigino kilichobanana ni nyumba yao kamili. Kadiri kinavyobanana ndivyo uozo unavyozama, na kadiri unavyouma ndivyo farasi anavyozidi kukwepa kukikanyagia.

Kazi hii ni ya saisi, kila siku. Osha ufa kwa maji na brashi laini, ukaushe kabisa, tia iodini iliyozimuliwa kwa maji, kisha sokomeza kipande chembamba cha pamba chenye dawa ili uchafu usirudi. Mrututu unafaa ukichanganywa kidogo kwenye mafuta mazito ya kupaka. Mrututu mkavu ukiwekwa moja kwa moja juu ya nyama changa huichoma, vivyo hivyo formalini. Dawa inayomfanya farasi aruke inamfundisha kuficha mguu, nawe umerudi ulikoanzia.

Badilisha pia alipolala. Maranda yaliyolowa mkojo hayaponyi uozo hata ukitia dawa mara tatu kwa siku. Wakati wa masika, kwenye udongo mweusi unaonata wa Lang'ata na Karen, tafuta hata eneo dogo lenye changarawe au mchanga ambapo farasi anaweza kusimama pakavu kwa saa kadhaa.

Usizibe pembetatu kwa mpira wala silikoni kabla ufa haujapona. Utakuwa umeufungia uozo ndani.

Hatua ya 4: Punguza kwato

Hatua hii ina uzito kuliko kiatu chenyewe, kwa hiyo usiiharakishe.

Anza nyuma. Kwa kalamu ya wino, weka alama mahali pembetatu ilipo pana zaidi. Hapo ndipo ungependa visigino viishie, kwa kimo na kwa umbali. Kisha tazama una kisigino cha aina gani, kwa sababu kuna viwili na havitendewi sawa.

Cha kwanza ni kirefu na kimesimama. Pembetatu imejificha ndani, mbali na ardhi. Hiki kiteremshe kwa tupa, kidogo kidogo, kwa vipindi viwili au vitatu vya kuvisha viatu, mpaka pembetatu ikaribie usawa wa ardhi. Ukikiteremsha chote kwa siku moja unaishtua kano ya nyuma.

Cha pili, ambacho ndicho cha farasi wengi wa mbio, ni kifupi na kimelala mbele: ukiitazama kwato kwa ubavu, nyuzi za kisigino, yaani mistari myembamba ya ukuta inayoshuka kutoka kwenye nywele, zimelala kuliko nyuzi za ncha, na mahali kisigino kinapogusa ardhi pamesogea mbele ya pale panapostahili kubeba uzito. Hapa fundi hushawishika kukiacha kisigino kwa kuwa "tayari ni kifupi". Lakini zile nyuzi zilizolala na kukunjika haziwezi kubeba kitu. Ondoa zile zilizopondeka tu, mpaka ufikie pembe nzima (pembe ni ile dutu ngumu iliyoijenga kwato), ili mahali pa kubebea uzito parudi nyuma. Usizidishe, maana hapa huna cha kupoteza.

Aina zote mbili karibu kila mara zina ncha iliyorefuka mno. Chora mstari wa kuvuka wayo pale kwato ilipo pana zaidi. Sehemu iliyo mbele ya mstari na iliyo nyuma yake zinapaswa kukaribiana kwa urefu. Ya mbele ikizidi sana, rudisha ncha nyuma kwa kuikwangua tupa upande wa mbele wa ukuta, bila kuchimba wayo. Ncha ndefu huivuta kwato yote mbele na kukiburuta kisigino nayo. Ukiipunguza, farasi anaondoa mguu ardhini kwa wepesi na kisigino kinapata nafasi ya kushuka mahali pake. Ukimaliza simama ubavuni: mstari wa mbele wa kwato na mstari wa mguu ulio juu yake mara moja uende sambamba bila kuvunjika.

Sasa kisu. Kwenye pembetatu, kata vipande vinavyoning'inia na vile vinavyofunika uozo, basi. Usiichonge ili ipendeze. Kwenye kingo, ondoa tu sehemu iliyolalia wayo. Zamani mafundi wa Ulaya walikuwa wakikata kingo na kuchimba pembeni mwa pembetatu wakiita huko kufungua kisigino, na bado wapo wanaofanya hivyo. Kingo ndizo zinazozishikilia kuta zisiinamie ndani. Ukizikata, kwa siku chache kwato inaonekana imefunguka, kisha inaporomoka ndani kuliko mwanzo, sasa ikiwa haina nguzo.

Wayo ulio hai usiuguse. Wala usikwangue ukuta kwa nje ubavuni ili ufanane na kiatu. Huo ndio ukuta unaouhitaji.

Hatua ya 5: Amua kama kiatu kinahitajika

Farasi anayepumzika, mwenye wayo mnene, na mwenye eneo la kutembea lisilo na mawe makali, mwache peku miezi 4 hadi 6. Hakuna kiatu kinachoshinda hilo. Miezi hiyo nimeitaja kwa sababu kisigino huchukua takriban miezi 4 hadi 5 kuota upya kutoka juu hadi ardhini, wakati ncha huchukua kati ya miezi 9 na 12. Viatu vikiondolewa, mpunguze ukali wa ukingo wa ukuta kwa tupa ili usichanike, na umtazame kila wiki 3 au 4.

Lakini farasi anayefanya kazi kwenye murramu ya Laikipia wakati wa kiangazi, au mwenye wayo mwembamba unaobonyea kwa kidole, atatembea kwa uchungu akiwa peku. Farasi anayetembea kwa uchungu hatui kwa kisigino. Huyo mvishe.

Hatua ya 6: Kiatu

Kwa farasi wengi kiatu cha kawaida kinatosha, kikichaguliwa na kuwekwa vizuri. Kiwe kikubwa kuliko ulichokivua. Kosa la kawaida ni kuchukua kipimo cha kiatu cha zamani, kwa hiyo kwato inaendelea kukifuata chuma badala ya chuma kuifuata kwato.

Kutoka ncha mpaka sehemu pana zaidi ya kwato, kiatu kifuate ukuta sawasawa. Kutoka hapo kwenda nyuma, kianze kutoka nje polepole: milimita 2 hivi ubavuni, ikiongezeka mpaka 4 au 5 kisiginoni. Nafasi hiyo ndiyo ambayo kisigino kitaijaza kikitanuka. Ukikibana kiatu kufuata kisigino kilivyo leo, unakiambia kibaki kilivyo leo. Kwa urefu, mikono ya kiatu ifike usawa wa mashavu ya kisigino. Mahali kisigino kinapokalia, uso wa chuma uwe tambarare na laini kabisa, pasiwe na mteremko wa kuelekea ndani hata kidogo. Mteremko wa kuelekea ndani hukisukuma kisigino ndani kila hatua, na viatu vingi vya kununua vinao bila fundi kujua. Weka ukingo wa tupa juu yake utaona.

Kipo kiatu cha kale ambacho mteremko wake kisiginoni unaelekea nje, ili kisigino kiteleze nje kikibeba uzito. Kinafanya kazi. Mteremko ukiwa mdogo, wa digrii chache tu, husaidia aina ya kisigino kirefu kilichosimama. Ukizidi, ukuta unachanika ubavuni na farasi anachechemea. Usikijaribu kwa farasi mwenye ukuta mwembamba au nyufa.

Hofu ya kiatu kinachotokeza nyuma ni kwamba mguu wa nyuma utakikanyaga na kukingoa. Ni hofu ya haki. Zungushia tupa ukingo wa nje ulio juu, uwe wa duara usioshikika, na umvalishe farasi kinga za kengele, zile zinazoizunguka kwato kama kengele, anapofanya kazi au anapoachiliwa malishoni. Kwa farasi anayeendelea na mbio kiatu kirefu hakiwezekani. Ukweli ni kwamba kisigino chake kitapona vizuri akitoka mbioni.

Pale kisigino kilipo dhaifu sana, au shavu moja limepandishwa juu kuliko jingine, tumia kiatu kilichofungwa nyuma kwa chuma cha kuvuka. Kinagawanya uzito na kupunguza msuguano kati ya visigino viwili. Hicho ni cha muda, kwa vipindi viwili au vitatu, kwa sababu kinapunguza pia mwendo ambao mwishowe unautaka.

Na pembetatu iliyo mbali na ardhi? Kama ufa umepona, jaza mabonde ya pembeni mwa pembetatu na sehemu yake ya nyuma kwa silikoni laini ya kwato, mpaka usawa wa kiatu na usizidi hapo. Inabeba sehemu ya uzito na kuupa mto wa ndani kazi ambayo ulikuwa umeikosa. Nimeona mabadiliko makubwa kwa hatua hii ndogo kuliko kwa viatu vya gharama.

Vifaa vya skrubu na springi vya kutanua kisigino kwa nguvu sivitumii. Kisigino kinachosukumwa nje na chuma wakati mto wa ndani umesinyaa hakina kitu cha kukishikilia kikiachiliwa, na nyama iliyo kati yake inachanika.

Hatua ya 7: Misumari

Msumari ni pingu. Popote unapopigilia, ukuta hautanuki tena. Kwa hiyo misumari yote ikae mbele ya sehemu pana zaidi ya kwato. Chora tena ule mstari wa kuvuka kabla hujapigilia, na tundu lolote la kiatu lililo nyuma ya mstari liache wazi. Misumari 3 kila upande inatosha kwa farasi wengi. Matundu ya kiatu chako yakiwa yamekaa nyuma sana, toboa mengine mbele. Usikubali kiatu kikuamulie.

Tumia msumari mwembamba kadiri kiatu kinavyoruhusu. Uingie kwenye ukingo wa nje wa mstari mweupe, ule unaotenganisha ukuta na wayo, na utokee ukutani takriban sentimita 2 juu ya kiatu. Misumari ya chini sana huchana ukuta, na ya juu sana hukaribia nyama. Farasi akishtuka katikati ya kupigilia, ngoa huo msumari. Ukitoka na damu, tia iodini, acha tundu hilo, na hakikisha chanjo yake ya pepopunda haijapitwa na wakati. Mwambie mwenye farasi palepale.

Ukimaliza kukunja misumari, usipitishe tupa ukutani kote kwa ajili ya kung'arisha.

Hatua ya 8: Wiki zinazofuata

Siku mbili za mwanzo atembezwe kwa mkono tu, kwenye ardhi iliyo imara na tambarare. Kisha ongeza. Farasi anayesimama bandani saa 22 kwa siku hatapona hata akivishwa na fundi bora wa nchi. Mwachilie malishoni, mtembeze kwa hatua ndefu, mpitishe kwenye ardhi ngumu kidogo kila siku ili kisigino kikutane na kitu. Saisi anayemtembeza nusu saa asubuhi na nusu saa jioni amefanya kazi kubwa kuliko nyundo yangu.

Mafuta ya kupaka kwato yanapendeza lakini hayatanui chochote. Kulowesha kwato kila siku kunalainisha ukuta na kulegeza misumari. Kwa chakula, kama pembe ni dhaifu na inamomonyoka, vitamini ya biotini miligramu 20 kwa siku kwa farasi mkubwa ina faida, ila matokeo hayaonekani kabla ya miezi 6 hadi 9, kwa hiyo usiinunue kama huna nia ya kuendelea.

Rudi kila wiki 4 hadi 5. Wiki ya 8 ncha imeshakimbia mbele, kiatu kimesogea nayo, na kisigino kiko juu ya chuma kinachokibana ndani. Mwenye farasi anayetaka kuokoa pesa kwa kurefusha muda anapoteza yote aliyolipa awali. Mweleze hivyo kwa upole siku ya kwanza, si siku ya ugomvi.

Kila ukirudi, pima na upige picha kabla ya kuvua viatu. Usitarajie namba kubadilika sana kabla ya mara ya tatu. Dalili za mwanzo ziko kwingine: ufa wa katikati unakuwa bonde, pembetatu inanenepa, na farasi anaanza kutua kwa kisigino. Juu, karibu na nywele, utaona pembe mpya ikishuka kwa mteremko mpana kuliko ile ya chini, na mahali zinapokutana pana mstari. Mstari huo ukifika ardhini una kisigino kipya. Kabla hujakitupa, tazama pia kiatu ulichokivua: ncha za nyuma zikianza kung'aa, kisigino kimeanza kutembea tena.

Wapo ambao hawatatanuka. Farasi mwenye umri mkubwa ambaye mto wake wa ndani ulikwisha kusinyaa miaka mingi, au ambaye magegedu yake yamegeuka mfupa, atabaki na kwato nyembamba. Akiwa hana uozo, hana maumivu na anatua vizuri, anaweza kufanya kazi ya kubeba wanafunzi kwa miaka. Huyo usimsumbue kwa viatu vya majaribio. Mpunguze kwa wakati, mpe nafasi kisiginoni, misumari ikae mbele, na uendelee kupima ili ujue mapema kama anaanza kurudi nyuma.